Siku Askofu Alipouliza Mke wa Kwanza ni Nani

Watu wakisikia kwamba nilimfulia Askofu nguo kwa miaka kumi na saba, hunishika mkono kwa mikono miwili. "Ee, mzee wetu, wewe umebarikiwa!" Nimebarikiwa na nini? Na makwapa? Nguo ya askofu ikishavuliwa ni nguo tu. Jasho lake lina chumvi ileile ya wapagazi wa Kariakoo. Tofauti ni kwamba mpagazi hubeba gunia kifua wazi, upepo unampiga, na yule Mzungu wa watu alijifunga sufu juu ya sufu katika joto la Dar es Salaam, masika na kiangazi. Kanzu yake ya zambarau ilichuja rangi kwapani ikaacha mabaka meupe, na ukiitia maji ya moto ilitoa harufu ya beberu. Nasema kweli tupu. Nimechoka na watu wanaotaka niwaambie ilinukia ubani.

Wala simdharau. Katika wote nitakaowataja humu, yeye ndiye aliyenitia kinyaa kidogo kuliko wengine. Nikimaliza mtaona ni nani anayeongoza.

Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba yake, upande wa bandarini: mabeseni mawili, meza ndefu, pasi mbili za mkaa na sufuria ya kupikia wanga. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nimepanga chumba Kariakoo mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwa wazazi wangu. Kila asubuhi nilikata uwanja wa Mnazi Mmoja kwenda kwa Wazungu, na kila jioni nikaukata tena kurudi kwa watu. Mikono yangu ilinuka sabuni na mkaa hata nikila wali. Mke wangu alizoea.

Maisha ya Askofu niliyajua kwa vipande, maana mtu anayekupima kanzu humwonei haya, na yeye alipenda kusema akisimama bila viatu juu ya jamvi langu. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe katika milima ya kwao. Aliletwa hapa kijana, baada ya vita, mapadri wa Kijerumani walipokwisha kuondolewa na Waingereza. Akapelekwa bara. Huko alitembea kwa miguu mpaka kucha zikang'oka, akazika wenzake watatu kwa homa, akajifunza Kiswahili kwa kusoma kitabu peke yake, ndiyo maana mpaka mwisho alisema polepole kama anayesoma tangazo la serikali. Kisha siku moja ikaja barua ya kumfanya askofu. Wakristo mpaka leo wanasimulia ile sherehe: kofia ndefu, fimbo, dhahabu inavyong'aa. Mimi nasimulia asubuhi yake. Alitapika mara mbili kwa woga, mara ya pili juu ya kanzu mpya nyeupe, na nilikuwa na nusu saa ya kuifua, kuikausha kwa pasi na kumrudishia mwilini. Aliivaa ikiwa mbichi mgongoni.

Na ile pete! Loo. Wakristo walifundishwa kupiga goti na kuibusu. Siku za kipaimara walipanga mstari mpaka nje ya kanisa, na mimi nilisimama nyuma yake na kitambaa. Anakuja mwenye ugoro, chwa! Anakuja mwenye tambuu, chwa! Anakuja mwenye kamasi mpaka mdomoni, naye chwa! Mimi nafuta. Kitambaa kikilowa natoa kingine. Askofu mwenyewe hakukunja uso hata mara moja. Aliwatazama wote kwa huruma. Mimi vile vitambaa nilivichemsha peke yake, sikuvichanganya na nguo nyingine hata siku moja.

Alhamisi alikaa barazani kusikiliza mashauri ya ndoa. Hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha, kuliko homa na kuliko safari. Mtu mwenye wake wawili au watatu anataka kubatizwa: afanyeje? Sheria yao ilisema abaki na mke wa kwanza, wengine awaache kwa wema. Kuna wema gani katika kuachwa, sijui, lakini ndivyo ilivyosemwa. Sasa, sheria hiyo ilikuwa na dirisha. Kama mwanamume kweli hakumbuki yupi alikuwa wa kwanza, basi aruhusiwe kuchagua mmoja. Waliitunga zamani kwa ajili ya watu wa mbali huko, wenye wake wengi ajabu. Askofu alilijua dirisha hilo na alilifungua mara chache sana. Aliyelijua vilevile ni katekista wetu, mtu mwenye meno mazuri na maneno laini, na katekista alikuwa rafiki wa baba yangu.

Baba yangu sasa. Mungu anisamehe kwa nitakayosema. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, anajipaka mafuta ya nazi mpaka kola za shati zinakuwa nyeusi, anacheka na kila mtu barabarani na akifika nyumbani amenuna. Yeye na mama walitoka Uluguruni wakati wa Mjerumani, mimi nikiwa mgongoni. Baada ya vita walipata kiwanja Kariakoo, wakajenga nyumba ya vyumba sita. Nasema wakajenga kwa mazoea tu. Aliyekanyaga udongo ni mama, aliyeukandika ukutani ni mama, na aliyekaanga vitumbua alfajiri ili makuti yanunuliwe ni mama. Nyumba iliposimama, baba akaoa mke wa pili. Nilikuwa na miaka kama kumi na mbili. Nilibeba kuni za harusi hiyo, nikala ubwabwa wake mpaka nikaumwa tumbo. Nakumbuka mama akisimama mlangoni amevaa kaniki mpya, akampokea bibi harusi, akamnawisha miguu kwa mikono yake kama inavyompasa mke mkubwa. Ilikuwa mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

Basi baada ya miaka kumi na tatu hivi, misheni ikataka kujenga shule kubwa, ikatafuta mnyapara wa mafundi. Sharti awe Mkristo, tena mwenye mke mmoja. Baba akaanza kuvaa rozari shingoni. Ebo! Mtu ambaye hakujua mlango wa kanisa unafungukia upande gani! Jumapili alikaa benchi la mbele, anaimba kwa sauti kuliko waliobatizwa, na mke mdogo pembeni yake. Mama alibaki nyumbani na vitumbua vyake. Mke mdogo alikuwa bado kijana, anajua kushona, na masista walimpenda. Nikaona mambo yanakoelekea, lakini nikajiambia sheria ni sheria, mke wa kwanza anajulikana. Nilijidanganya vizuri tu.

Siku moja katekista akanifuata chumbani kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Akashika kingo za meza, akatoa meno. "Mambo ya baba yako yatasikilizwa Alhamisi. Umri umekwenda, na ile vita ilivuruga watu wengi. Hakumbuki vizuri nani alitangulia."

"Hakumbuki?" Nilidhani anatania. "Mimi ni mwana wa nani, kwani?"

"Hilo nalo," akasema, sauti laini kama mlenda, "anasema mama yako alikuja kwake tayari mjamzito. Kwa hiyo wewe huthibitishi kitu." "Baba Askofu hapendi ugomvi wa nyumbani uingie katika nyumba yake. Wapo mafundi wa kufua wanaosubiri nafasi, unajua. Mimi nakwambia kwa wema." Akaondoka akinukia karafuu, na pasi yangu ilikuwa imeshaunguza mkono wa shati.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu, ili mjue ukubwa wa uchafu wangu. Kwetu Uluguruni ukoo ni wa mama, na msemaji wa mwanamke ni mjomba, yaani kaka yake. Kaka yake mama alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Nilipobalehe wazee walinivika jina lake, nikakaa mahali pake. Tangu siku hiyo mama alianza kuniita kaka. Si mzaha ule. Maana yake ni kwamba mama akiwa na kesi, mdomo wake ni mimi. Mwanamke wa kwetu aliyelelewa vizuri hajibizani na mumewe mbele ya wageni. Anakaa chini, anajifunika, ananyamaza, na mtu wake anasimama kumsemea. Akisema mwenyewe, watu wanajua hana mtu.

Mama aliposikia habari ya Alhamisi hakulia. Alikuja kwangu na bakuli la vitumbua kwa wajukuu, akakaa kwenye kigoda. "Kaka, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi utasema." Hakuuliza. Akazungumza na mke wangu habari za kikohozi cha mtoto, akaaga akaenda zake.

Alhamisi ile joto lilikuwa la kumvua mtu ngozi. Askofu alikuwa na homa yake, jasho linamtiririka mpaka ndevuni, ameweka mguu mmoja juu ya kiti kwa sababu ya funza aliorudi nao safarini. Mbele yake kitabu kikubwa. Upande mmoja baba, mke mdogo na katekista. Wazee wawili wa kanisa ukutani. Chini kwenye mkeka, mama, amejifunika kanga mpaka usoni. Mimi nilileta shati kavu la Askofu nikataka kutoka. Akaniambia, "Kaa hapa. Jambo hili ni la kwenu." Kumbukeni neno hilo. Sikujificha nyuma ya pazia. Niliambiwa nikae.

Baba akasimama. Sijapata kuona mtu akidanganya kwa raha namna ile. Alisema ule mwaka wa kwanza wa vita kila mtu alikimbia huku na huku, kulikuwa na njaa, akampata huyu, akampata na huyu, mmoja huku mmoja kule, nani alitangulia Mungu ndiye ajuaye. "Nimejaribu kukumbuka, Baba Askofu. Nimesali. Sikumbuki." Na chozi likamtoka! Chozi kabisa, likapita juu ya mafuta yale ya nazi. "Na huyu kijana wako wa nguo, Baba, nilimlea tu kwa huruma. Mama yake nilimpokea ana mimba." Mke mdogo aliinamisha kichwa akatazama kucha zake. Mwaka wa kwanza wa vita yeye alikuwa binti mdogo anayechunga kuku!

Askofu akamgeukia mama. "Mama, mume wako amesema kweli?"

Mama akanyamaza.

"Mama, una neno la kusema?"

Kimya. Mkono wake mmoja tu ulijitokeza, umeshika ncha ya kanga. Kisha akaisogeza kanga kidogo, jicho moja likaonekana, na jicho lile halikumtazama baba wala Askofu. Lilinitazama mimi.

Askofu alisubiri. Naapa alisubiri. Akatutazama mmoja mmoja, wazee, katekista, mimi, akauliza kwa ule Kiswahili chake cha kusoma, "Kuna mtu humu ndani anayejua jambo jingine lililo kinyume cha hili? Aseme sasa."

Ulimi wangu ulikuwepo. Haukuvimba, haukukatwa. Nilifikiri chumba changu cha kazi na vijana wanaosubiri nafasi. Nilifikiri kodi na kikohozi cha mtoto. Nilifikiri pia, na hili ndilo bovu kuliko yote, kwamba nikisema itabidi nibishane mbele ya wazee wa kanisa juu ya tumbo la mama yangu, lilipata mimba lini na kwa nani, nikaona haya. Niliona haya kwa ajili yangu. Nikatazama shati nililolishika, nikaanza kunyoosha kola yake iliyokuwa imenyooka.

Kwao Wazungu, anayenyamaza amekubali. Askofu akachukua kalamu akaandika. Sauti ya nibu kwenye karatasi naisikia mpaka leo ikinikwaruza meno. Baba akaenda, akapiga goti, akaibusu pete kwa mdomo mzima, chwa! Askofu, kwa mazoea, akaninyooshea mkono. Nami kwa mazoea nikatoa kitambaa, nikafuta mate ya baba yangu.

Mama aliinuka akakunja mkeka ingawa haukuwa wake. Akatoka. Siku ya tatu katekista alipita kumwambia kwamba wanawake wawili chini ya paa moja ni kashfa, na ubatizo umekaribia. Mama akafunga vyombo vyake ndani ya shuka, karai la vitumbua juu, akahamia Buguruni, ambako siku hizo kulikuwa na minazi, mihogo na nyumba za kuhesabika. Mwanamke mmoja wa kwetu alimpa kona ya shamba. Kutoka nyumbani kwake ilibidi apite mlangoni kwangu. Alipita. Mke wangu alikimbia kumpokea karai, mama akamwambia, "Acha mwanangu, si zito," akaendelea na mwendo wake.

Na mimi? Nilipiga pasi gauni la harusi la mke mdogo. Masista waliniletea kwa heshima zote, gauni jeupe la marinda sita mbele, wakasema nitie wanga kiasi. Nililitia wanga, nikalipiga pasi, rinda moja baada ya jingine, na halikuwa na kasoro. Mke mdogo kanisani alimeta, baba alivaa koti, na watu walisema familia yetu imepata neema. Nilikwenda uani nikatapika kama Askofu.

Kariakoo hakuna siri. Mwarabu niliyenunua kwake wanga na buluu ya kufulia, mtu mzima mwenye wake wawili, alinipimia wanga siku moja bila kuniangalia. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akafunga karatasi taratibu. "Sisi tunaoa wanne, nyinyi mnatucheka. Lakini wallahi sijaona bado mwanamume aliyesahau ni nani aliyemfungulia mlango kwanza." Akanisukumia furushi. "Na wewe ulikuwepo, nasikia."

Nilisema nilikuwepo. Akasema, "Haya," akamgeukia mteja mwingine. Nilibadilisha duka.

Buguruni nilikwenda. Nilipeleka sukari, sabuni, kitenge. Mama alipokea kila kitu, akashukuru, akaniulizia wajukuu, akaniambia mvua zimechelewa na nguruwe wanasumbua mihogo. Chakula alinipa. Lakini sasa aliniita mwanangu, si kaka. "Karibu, mwanangu." "Haya, mwanangu." Kwa mtu mwingine ni neno tamu. Mimi kila lilipotoka nilitamani ardhi inimeze, na sikuthubutu kumwuliza kwa nini.

Miaka ikaenda hivyo. Shule ikajengwa, baba akawa mnyapara, akaota kitambi na kutembea na fimbo. Askofu alizeeka mbele ya macho yangu. Kanzu ilibidi niipunguze mara tatu kiunoni. Alijenga hospitali ndogo bara, akagombana na serikali, akasafiri kwenda Roma akarudi na kikohozi. Wageni wakija mezani alipenda kuwaonyesha baba yangu kupitia dirishani: mtu mzima aliyeacha mengi kwa ajili ya imani. Nami niko pale nabadilisha vitambaa vya meza, nasikia. Nilimfulia soksi zenye usaha wa funza, nilimfulia shuka za homa, na hakuna kilichonichafua mikono kama maneno hayo.

Kisha asubuhi moja mke mdogo akaja barazani mbio, hana kiatu, jicho limevimba, mdomo umepasuka. Baba alikuwa amempiga. Alikuwa na mwanamke mwingine huko mjini, wa tatu, na aliyekuwa nyumbani amemchosha. Mke mdogo hakuja kuungama; alikuja kulia kwa sauti mbele ya kila mtu, na akilia maneno yakamporomoka. "Ni dhambi inanirudia! Ni machozi ya mke mwenzangu! Alinipokea mlangoni, Baba, alininawisha miguu, akaniita mdogo wangu, nami nikanyamaza wakamtupa!"

Askofu alishika mkono wa kiti. "Alikupokea mlangoni? Mlango wa nyumba gani?"

"Nyumba yake! Aliyoijenga! Na huyu," akanionyesha kidole, "huyu alibeba kuni!"

Sijui mtu anaweza kubadilika rangi kiasi gani. Askofu aliyekuwa mwekundu akawa mweupe kama wanga. Akaagiza mwanamke atiwe dawa. Tulipobaki wawili aliniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Nilijibu, aibu zangu hizo, "Hukuniuliza mimi kwa jina."

"Niliwauliza wote. Na mama yako? Mbona hakusema?"

Ndipo nikamweleza, miaka sita ikiwa imepita: kwamba mwanamke wa kwetu hasemi, anasemewa, na ni nani anayemsemea. Alinisikiliza mpaka mwisho mdomo wazi. Yule mzee aliyekaa nchi hii muda wote huo, aliyeamua ndoa zetu kwa mamia, hakuwa amejua. Ukimya wa wanawake wangapi alikuwa ameuandika kitabuni kuwa ndiyo? Nilimwona akiwaza hivyo, nikaona anataka kutapika, na safari hii hakutapika.

Kesho yake alisema tunakwenda Buguruni. Alikataa gari, akakataa mapadri wenzake. Tukakata Mnazi Mmoja kwa miguu, tukapita Kariakoo, watu wakiacha mizani na mafungu yao kumtazama, wengine wakipiga goti vumbini kutafuta ile pete. Aliitia mkono mfukoni. Kila mara alisimama akakohoa na kutema ndani ya leso, nami nikaipokea leso ile na kumpa nyingine. Tulifika jua limepanda.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Alisimama, akanawa mikono, akatoa kigoda chake pekee akampa Askofu. Mimi nikakaa kwenye kinu kilicholala. Akaleta maji ya kunywa ndani ya kata safi. Akaketi chini, kanga mabegani, uso wazi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe.

Askofu hakuzunguka. Alisema, "Mama, nilikukosea. Nilisikia umenyamaza nikafikiri umekubali. Nimekuja kuomba msamaha. Nitakwenda kuandika upya. Mume wako ni wako na nyumba ni yako."

Nilimtazama mama, nikangoja anyamaze, na mimi nilikuwa tayari. Wallahi nilikuwa tayari kusema yote, maneno nimeyapanga tangu usiku, nimeyapanga miaka sita. Nikafungua mdomo. Mama akaninyooshea kiganja kunizuia, akamjibu Askofu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mume sitaki, Baba. Mwache huko aliko, aendelee kuwanukia wengine. Nyumba ikibidi wape wajukuu zangu." Askofu alitaka kusema kitu, akamkatiza kwa upole. "Wewe nimekusamehe zamani. Ulikuwa mgeni, hukujua desturi, tena uliuliza. Uliuliza mara tatu, nilihesabu. Nenda na moyo mweupe."

Askofu alilia. Mzee yule alilia wazi, kamasi ndevuni, wala hakutafuta leso. Akainuka, akanitazama pale kwenye kinu, na nadhani alitaka kunisaidia, alikuwa mtu wa namna hiyo. Akamwuliza mama, "Na mtoto wako je? Naye umemsamehe?"

Mama aliokota kisu chake, akavuta muhogo mwingine kutoka kwenye kikapu.

"Huyo si mgeni," akasema, akaendelea kumenya.